Wimbo wa Upande Mmoja

Sisi wahakiki chipukizi, tukimgusa Remmy Ongala, tunakimbilia maudhui: umaskini, kifo, mapenzi. Fani tunaisahau. Kumbe Super Matimila ni magitaa yanayojibizana! Albamu yao ya mwaka 1989, "Songs for the Poor Man", ilitolewa Uingereza kwa stereo, yaani kushoto na kulia kila upande una yake ya kusema.

Sasa sikiliza nakala niliyoikuta kwenye simu pale Biharamulo, imetolewa kwenye kaseti. Upande mmoja umekufa, uliobaki unakwaruza. Hivi huo ni wimbo au nusu wimbo?

Sababu inajulikana. Tundu la hedifoni la simu hutoa sauti njia mbili, lakini huingiza moja tu, ya maikrofoni, nayo huzidiwa na nguvu ya redio kaseti. Dawa ni kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia stereo, na programu ya kurekodi iwekwe stereo.

Jamani, kaseti zinalika. Mdogo wangu hapa Ngara atarithi nakala, siyo kaseti. Tukimwachia gitaa moja, atajuaje kwamba lilikuwa linajibiwa?