Kupita Bila Kukata

Mtu akiambiwa kuna uvimbe wa saratani ndani kabisa ya ubongo, hudhani daktari atachimba mpaka aufikie. Mafundi wazuri hawachimbi. Ubongo umejikunja, na kati ya kunjo na kunjo mna mifereji. Ule mkubwa wa ubavuni, mfereji wa Sylvius, ndio unaoifunika insula, sehemu ya gamba la ubongo isiyoonekana kwa nje, na glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, huota sana huko.

Kuufungua mfereji huo hakutaki haraka. Kingo zake zimeshikana kwa utando mwembamba unaopitisha mwanga. Chini ya hadubini, daktari anauinua kwa ncha ya koleo, anaukata kidogo kwa mkasi, maji ya ubongo yanachuruzika na ubongo wenyewe unalegea. Anasogea milimita chache, anakuta vena imekatiza njia, anaitenga taratibu na kuiweka kando nzima, kisha anaendelea. Saa nzima inaweza kupita na uvimbe haujaguswa.

Ustadi huu unamdai mengi Gazi Yaşargil, Mturuki aliyefanya kazi Zurich. Mwaka 1965 alikwenda Burlington, Marekani, akajifunza kwa Raymond Donaghy kushona mishipa midogo ya wanyama kwa hadubini. Baadaye alitumia hadubini iliyoning'inizwa kwa mizani, akiiongoza kwa swichi ya mdomoni ili mikono isiachie vifaa. Wengi husifu mikono yake. Mimi huo mdomo ndio unaonivua kofia.

Juu ya insula yametanda matawi ya ateri ya kati ya ubongo. Uvimbe unavunjwavunjwa na kufyonzwa kupitia vinafasi vilivyo baina yao. Upande wa ndani kuna vimishipa vyembamba kama uzi. Kimoja kikikatika, mgonjwa anaweza kuzinduka amepooza upande mmoja. Uvimbe ukivizingira, kipande kinaachwa, na hapo ndipo fundi anapojitenga na mwenye pupa.

Ikiwa ni upande wa lugha, mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji, kwani ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Anaonyeshwa picha, anataja: kiti, samaki, mwavuli. Umeme hafifu unagusishwa mahali fulani, na jina linamkwama mdomoni. Pale panawekwa kikaratasi chenye namba, na hapaguswi tena.

Ipo pia dawa ya kunywa kabla ya upasuaji, inayofanya uvimbe mkali ung'ae waridi chini ya mwanga wa buluu. Katika utafiti wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2006, uvimbe ulioonekana kwenye picha za MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 36 ya wasiopewa. Lakini mwanga huo huonyesha saratani tu. Maneno yalipo bado huulizwa mgonjwa.

Ndani ya saa 72 baada ya upasuaji hupigwa MRI nyingine kuona kilichobaki. Kisha, kwa glioma kali, hufuata mionzi na vidonge vya temozolomaidi, kwa kuwa seli zake huwa zimeshatambaa mbali kuliko hadubini inavyofika.