Nani Alichoma Matofali ya Kirungu?

Kanisa kuu la Kirungu ni zuri. Naanza na hilo ili mtu asije akasema huyu kijana hapendi makanisa. Ukiwa chini kwenye bandari ya Moba, unatazama juu mlimani, na huko ndiko walikoweka kila kitu: kanisa, nyumba ya mapadri, nyumba ya masista. Matofali ya kuchoma, kuta nene. Utotoni tulipanda kwa miguu toka ziwani, na ukiingia ndani na jasho lako, ubaridi ule unakupokea kama maji. Aliyejenga alijua kazi.

Shida yangu ni hilo neno “aliyejenga”. Ukiuliza ni nani, utaambiwa Monseniyeri Roelens. Kwani Monseniyeri alikanyaga udongo? Alilala kando ya tanuru usiku akichochea moto?

Twende nyuma kidogo. Mwaka 1883 Émile Storms, mwanajeshi wa Ubelgiji, alijenga boma Mpala, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Mwaka uliofuata watu wake wakamuua chifu Lusinga, na kichwa cha chifu kikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa Mapadri Weupe. Ng'ambo, Karema, ni mambo yale yale: ngome ya Cambier ya 1879, nayo mapadri waliipata 1885. Kumbe misheni zetu hizi za zamani zilianza ndani ya kuta za askari. Sanamu ya Storms iliyokuwa Brussels waliiondoa 2022. Wamechelewa, lakini sawa.

Na ndani ya kuta walikaa nani? Waliokombolewa. Watoto walionunuliwa toka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, na watu waliokimbia vita. Hawana ukoo pale, hawana shamba. Wakapewa chakula, nguo, jina jipya, kengele ya kuamka na kengele ya kulala. Baadaye, masista walipofika, wasichana walilelewa kwao, kisha wakaozwa kwa vijana wa misheni, na wenyewe wawili wakaonyeshwa kiwanja kijijini, karibu na kanisa, waonekane. Kwenda unakotaka haikuwa rahisi. Wewe unayesomea Musasa au Kavumu, najua umeshacheka. Ndiyo, ilikuwa kambi kabla ya kambi.

Sisemi ilikuwa mbaya tu. Kama wewe ni mtoto uliyefungwa kamba shingoni, ukuta ni uhai. Lakini angalieni Rumonge, hapa hapa Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 waliuawa mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop, na ugomvi ulihusu mtoto mmoja waliyemkomboa. Majina matatu yanasomwa mpaka leo. Mtoto anaitwa “mtoto”.

Vijana wangu hapa Bwiza niliwaonyesha kwenye simu picha za Assisi, mji wa mlimani kule Italia. Basilika la Fransisko lilianza kujengwa 1228, na wataalamu bado wanabishana kama picha za maisha yake ukutani zilichorwa na Giotto au na mwingine. Mwaka 1997 tetemeko liliangusha sehemu ya dari, likaua watu wanne, na vipande vya picha vikaokotwa kwa maelfu ili virudishwe mahali pake. Miaka mia saba, na bado watu wanatafuta mkono wa fundi! Kwetu matofali hayajafika hata miaka mia na hamsini na hakuna anayeuliza.

Utaniambia: Atiman je? Kweli. Adrien Atiman alitekwa utotoni, nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 na kutibu watu hadi alipofariki 1956. Na Stefano Kaoze alipewa upadri Kirungu, enzi zile Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Nawaheshimu sana. Ila wamegeuzwa pazia. Ukishawataja hao wawili, kila mtu anaridhika, na wale mia waliobeba maji wanabaki nyuma ya pazia. Wanawake ndiyo kabisa.

Kwa hiyo, kama jengo, mimi naipa Karema nafasi ya kwanza. Si nzuri kama Kirungu, lakini haijifichi: ukuta wa ngome bado unasema watu hapa waliogopa. Kirungu inakaa juu na kutaka tuitazame tu.

Na nyinyi wa mashirika, mnaosoma kijarida hiki pia. Kambi moja, siitaji, vijana walifyatua matofali ya darasa mwezi mzima. Kibao cha mlangoni kina nembo tatu, zimepakwa rangi safi. Jina la mfyatuaji hata moja hakuna. Rangi ya majina kumi na manne ingegharimu kiasi gani?

Hapa kartie, avenyu ya saba, kuna mama mzee ambaye babu yake alikuwa kwenye tanuru za Kirungu. Jumamosi vijana wanakwenda kwake na daftari. Anataja jina, ananyamaza, anapika chai, anataja lingine. Tumefika kumi na moja. Mawili ni ya wanawake waliobeba maji, na moja kati ya hayo analikumbuka kwa wimbo tu.