Kisa, Msuko na Muundo: Istilahi za Hadithi na Mipaka Yake

Istilahi hupimwa kwa kazi yake. Istilahi njema hutenganisha vitu viwili ambavyo awali vilidhaniwa kuwa kimoja. Istilahi dhaifu huvichanganya tena. Kwa kipimo hiki, msamiati tuutumiao kuelezea hadithi za kubuni wastahili kuangaliwa upya, kwani ndio unaotumika madarasani, katika mitihani, na mezani pa wafasiri.

Na tuanze na neno muundo. Katika vitabu vingi vya kiada nchini Tanzania, muundo huelezwa kuwa ni mtiririko wa matukio, na mwanafunzi hutakiwa kutaja aina zake: muundo wa moja kwa moja, muundo rejea, na kadhalika. Papo hapo neno hilo hilo hubebeshwa mgawanyo wa sura katika riwaya, na mpango wa beti na mishororo katika ushairi. Nchini Kenya, walimu wengi huyaita mambo ya mfuatano wa matukio ploti, na wengine msuko. Si wingi wa majina unaotutia shaka, bali ni kwamba vitu vyenyewe havijatenganishwa.

Mfano utatufaa zaidi kuliko fasili. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1952, Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kuchukua kodi. Akiwa huko, anamwona Liwali Adili akiwapiga manyani wawili usiku. Msomaji hajui sababu. Ni baadaye tu, Adili aitwapo mbele ya mfalme, ndipo anaposimulia habari za urithi, biashara na safari, wivu wa nduguze Hasidi na Mwivu, na adhabu iliyowageuza kuwa manyani.

Hapa pana mambo matatu. La kwanza ni matukio kama yalivyotukia kwa wakati: urithi kwanza, kipigo baadaye. Hicho ni kisa. La pili ni matukio kama yalivyopangwa na kufungamanishwa kwa sababu: kipigo kwanza, urithi baadaye. Huo ni msuko. La tatu ni viungo vya kitabu chenyewe, yaani sura zake na jinsi zinavyobebana. Huo ndio muundo. Asukaye mkeka haoni ugumu katika tofauti hii. Chane za miyaa ni kitu kimoja. Ukili uliosukwa kwa chane hizo ni kingine. Na mkeka ulioshonwa kwa kili nyingi ni cha tatu.

Je, hasara iko wapi tukiyaita yote muundo? Mwanafunzi huandika kwamba mwandishi ametumia muundo rejea, akapata alama yake, akaenda zake. Hakuulizwa kwa nini Shaaban Robert ameuficha mwanzo. Laiti angeulizwa, angegundua kwamba msomaji, kama Ikibali, anashuhudia kwanza ukatili, naye yu tayari kumhukumu Adili. Kisha masimulizi yanamlazimisha kuirudia hukumu yake. Funzo la kutoharakisha kuhukumu halikutamkwa tu kwa maneno, bali limetiwa katika mpangilio wenyewe. Kisa hicho hicho kikianzia kwenye urithi, funzo hilo litapotea ingawa hakuna tukio litakalopungua.

Kuhusu ploti, hatulikatai kwa kuwa ni la mkopo. Tunalipendelea msuko kwa kuwa lina ukoo. Husemwa kwamba hadithi imesukwa vyema, au msuko wake umelegea, na kila msemaji akaelewa. Hata hivyo, mfasiri na ajihadhari. E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapwa mwaka 1927, alikitenga kisa na ploti kwa kigezo cha sababu. Wahakiki wa Kirusi wa miaka ile ile walitenga matukio na mpangilio wake. Afasiriye kazi za pande hizi mbili hana budi kutambua kwanza ni kigezo kipi kinachokusudiwa.

Kasoro ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza: kitu kimoja kina majina mawili. Suala la malezi katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) huitwa dhamira na mwalimu wa Tanzania. Mwenzake wa Kenya huliita maudhui, na neno dhamira akaliweka kwa lile alilokusudia mwandishi. Basi swali lisemalo, "Eleza dhamira ya mwandishi", lina majibu mawili tofauti, na kila moja ni sahihi kwao. Atakayeadhibiwa ni mtahiniwa aliyesoma kitabu cha upande wa pili.

Lugha ya kila siku yaunga mkono matumizi ya Kenya kuhusu dhamira, maana aliyedhamiria jambo amelikusudia. Lakini maudhui likiwa jina la suala moja moja, twabaki bila jina la jumla ya yasemwayo na kazi nzima. Na hapo matumizi ya Tanzania yana nguvu. Hatudhani kwamba upande mmoja utauacha mazoea yake upesi. Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Mosi, kisa, msuko na muundo vifundishwe kuwa vitu vitatu, kila kimoja na swali lake. Pili, mtunga mtihani na mwandishi wa kiada wasiliache neno dhamira peke yake: akusudiaye lengo aseme lengo la mwandishi, na akusudiaye suala alitaje suala lenyewe. Usanifishaji huhitaji muda. Uwazi wa swali hauhitaji kusubiri.