Rafu Zilizojaa

Mwaka 1931, mkutubi Mhindi S. R. Ranganathan alichapisha kanuni zake tano za ukutubi. Mojawapo inataka kila msomaji apate kitabu chake. Mwaka huohuo, Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa kwa ajili ya Wazungu tu.

Mimi sikufungiwa mlango. Maktaba ya wilaya niliyosomea ilikuwa ya wote, na rafu zilijaa. Zilijaa misaada: miongozo ya kompyuta za kizamani, riwaya za Kiingereza zenye mihuri ya shule za ng'ambo. Kusadikika ya Shaaban Robert, tuliyokuwa tukiitafuta darasa zima, ilikuwa nakala moja tu, kabatini, chini ya kufuli. Niliisoma kwa zamu, nimesimama kaunta.

Simlaumu mkutubi wetu. Kitabu kikipotea alidaiwa yeye. Kisiposomwa, hakuna aliyemuuliza. Hata kuondoa vilivyooza kulihitaji kibali, maana ni mali ya umma. Wanaopenda kuitaja kanuni ya Ranganathan humbebesha mkutubi mzigo wote, ilhali mwenyewe aliigawia na serikali wajibu wake. (Sehemu hiyo haibandikwi ukutani.) Bila fungu la kununua vitabu, anayechagua vya kusoma ni yule aliyefunga makasha huko alikotoka.

Mwishowe tuliacha kuuliza vitabu. Tulikuja na madaftari yetu kwa sababu palikuwa na meza na umeme. Pale mlangoni tuliandika majina, na jioni tulihesabiwa kuwa wasomaji.