Kabla ya Kuiamini Sifuri

Mtazame fundi umeme hodari anapoikabili soketi iliyoungua. Haanzi na bisibisi. Anakausha mikono, anatoa mita yake ya tarakimu, ile inayotumia betri ya volti 9, na kuzipitisha nyaya zake mbili vidoleni, nyekundu kisha nyeusi, akitafuta mpasuko kwenye ganda la plastiki. Halafu anaiacha soketi mbovu na kuiendea nzima, inayolishwa na breka nyingine. Anapima: 232. Sasa anazima breka ya soketi mbovu, anairudia na kupima mara tatu: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Sifuri, sifuri, sifuri. Mwenye nyumba anadhani sasa kazi itaanza. Fundi anainuka, anairudia soketi nzima na kupima tena. 232. Hapo ndipo bisibisi inapotoka mkobani.

Kwa asiyejua, huo ni mzunguko mrefu wa kutafuta jibu fupi. Kwangu mimi, ndio ufundi wenyewe. Kioo kikionyesha sifuri, huenda umeme haupo. Huenda pia upo, ila waya wa mita umekatika ndani ya ganda lake. Au swichi ya kuzungusha imeachwa kwenye DC, ilhali umeme wa nyumbani ni AC. Au mita yenyewe imekufa dakika hiyo hiyo. Sifuri ya usalama na sifuri ya mauti zina sura moja. Kipimo cha kwanza na cha mwisho, vyote kwenye umeme unaojulikana kuwa upo, ndivyo vinavyomwezesha fundi kuzitofautisha. Anaipima mita kabla haijapima chochote, na akimaliza anaipima tena.

Namba nayo ina hila zake. Waya uliokatwa, lakini unaopita sambamba na waya wenye umeme ndani ya bomba moja, unaweza kuonyesha makumi ya volti bila kuwa na nguvu ya kuwasha hata taa. Mita hunasa hata umeme hafifu wa namna hiyo kwa sababu ukinzani wake kwenye volti ni mkubwa, kwa kawaida kuanzia omu milioni 1 hadi milioni 10. Fundi mzoefu hashtuki wala hapuuzi. Anatafuta chanzo kwanza.

Chombo hiki kilizaliwa kwa uchovu wa kubeba mizigo. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoka kutembea na kifaa kimoja cha volti, kingine cha ampea na kingine cha omu. Mwaka 1923 ubunifu wake uliingia sokoni kwa jina la AVO, vyote vitatu katika sanduku moja. Ulikuwa ukombozi mkubwa, na ndani yake mlikuwa na mtego ambao hadi leo tunao mkononi.

Mtego ni huu. Kwenye volti, mita huzuia umeme usipite; kwenye ampea, huufungulia njia, kwa kuwa mkondo wote unaopimwa lazima upitie ndani yake. Tundu la ampea 10 ni karibu sawa na waya mtupu. Anayepima mkondo wa betri ya sola asubuhi, akausahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, kisha jioni akachomeka ncha kwenye soketi, ameunganisha laivu na nyutro kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ni shoti. Kwenye mita nzuri itakatika fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga, na mchanga huo utazima cheche. Kwenye mita kadhaa za bei ya chini, tundu hilo halina fyuzi kabisa. Ndiyo maana fundi mwenye nidhamu huurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla hajaiweka mita chini. Ndiyo maana pia hafungi kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi iliyokatika, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Mambo mengine hufuata mantiki hiyo hiyo. Omu hupimwa umeme ukiwa umezimwa. Usipojua ukubwa wa volti, anzia kipimo cha juu. Alama ya betri ikitokea kwenye kioo, badilisha betri, maana betri dhaifu inaweza kukupa namba ya uongo yenye sura ya kweli. Na nyaya zote zitoke kwenye saketi kabla mgongo wa mita haujafunguliwa. Soma maandishi ya CAT kwenye mita: II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, III ni ya bodi ya umeme, IV ni ya pale umeme unapoingia kutoka nguzoni, ambako msukosuko wa radi huweza kuleta maelfu ya volti kwa kitambo kidogo. Inapowezekana, ncha nyeusi ibanwe kwa klipu, kisha mkono mmoja tu ufanye kazi, kwa sababu umeme unaoingia mkono huu na kutokea ule hupitia kifuani.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Katika kazi hii msemo huo umewasitiri wengi mno. Ajali nyingi za umeme zina kinga, na kinga hiyo ni mwendo wa hatua chache ambao kijana yeyote anaweza kujifunza akiwa na mwalimu anayeurudia kila siku mbele yake. Heshima yangu ni kwa walimu hao, walio vyuoni na walio mitaani, wasioona haya kupima tena.

Sisi wateja tuna sehemu yetu pia. Fundi akiinuka kuirudia soketi nzima, tusimuulize kama hajazima bado. Tumwache apime. Dakika hizo mbili ni sehemu ya ufundi wake, na ndizo zinazostahili kulipwa kwanza.