Maruerue si mashetani

Kuna nadharia inayopendwa sana na wanafunzi wangu hapa Kitale: eti binadamu wa kale alianza kuchora mapangoni kwa sababu ya mambo aliyoyaona akili ilipomtoka, iwe kwa ngoma, njaa au giza.

Mwenye nadharia ni David Lewis-Williams wa Afrika Kusini. Mwaka 1988, yeye na Thomas Dowson walidai kwamba mtu yeyote katika hali hiyo huona maumbo yale yale: vitone, nyavu, mistari ya kupinda-pinda. Huo ndio ubongo wetu sote.

Sasa, vijana wakiandika kwa Kiswahili, hali hiyo huiita “kupagawa” au “kupandwa na mashetani.” Hapo ninakataa. “Kupagawa” ni kauli ya kutendwa. Lazima awepo pepo aliyempagaa mtu. Lewis-Williams anazungumzia ubongo, si pepo. Tunalo neno “maruerue,” yaani kuona visivyokuwepo, kama aonavyo mgonjwa wa homa kali. Halimtaji pepo wala halimhukumu mtu. Na “njozi” litufae pale mwonaji mwenyewe anaposadiki kuwa ameonyeshwa jambo.

Hata hivyo, neno sahihi haliifanyi nadharia kuwa sahihi. Twende Kakapel, katika milima ya Chelelemuk, Busia, ng’ambo ya Bungoma. Jabalini kuna miduara ndani ya miduara, inayohusishwa na Watwa, na kuna ng’ombe. Je, miduara ni maruerue? Huenda. Lakini mtoto akipewa kijiti na vumbi huchora duara bila homa wala ngoma.

Kusini, Lewis-Williams alikuwa na ushahidi: maelezo ya Wasan yaliyoandikwa Cape Town katika miaka ya 1870, na ngoma za uganga za Kalahari. Kakapel hatuna sauti kama hizo. Tulizo nazo za karibu ni za Wasuba wa kisiwa cha Mfangano, ambao walihusisha michoro ya huko na kuomba mvua. Pengine mwomba mvua naye aliona njozi, lakini hilo lathibitishwe, lisidhaniwe.

Mnaona kwa nini ninashikilia maneno? Mwanafunzi akiambiwa jabalini kuwa hiyo ni kazi ya mashetani, ataiogopa au ataikwaruza kwa jiwe, na rangi ikishakwaruzwa hairudi. Akiambiwa ni kazi ya watu waliofikiri, atauliza walifikiri nini. Walimu wenzangu, mkiwapeleka watoto Kakapel, waacheni waulize.