Kuziba Jino Bila Umeme: Njia ya Dar es Salaam Inavyoifaa Mocímboa da Praia

Mocímboa da Praia, mji wa bandari kaskazini mwa Cabo Delgado, ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021. Wakazi wengi walirudi baadaye, lakini umeme na huduma za afya vilikuwa vimeharibiwa vibaya. Penye hali kama hiyo, jino lililotoboka huishia kung'olewa. Ipo njia ya kuliokoa, na ilianzia Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya udaktari wa meno jijini Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini wasiofikiwa na mashine ya kukereza meno. Wakaiweka mashine kando, wakakwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji ya meno. Baadaye saruji ya awali ilipisha glasi-ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi. Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote.

Ili kuona kwa nini inafaulu, tuwatazame bakteria. Streptococcus mutans hutumia sukari kutengeneza gundi inayowashikiza jinoni, ndiyo ukoga. Sukari hiyohiyo huigeuza asidi, na pH ikishuka chini ya 5.5 gamba la jino huanza kuyeyuka.

Floraidi huitumia asidi hiyo dhidi ya bakteria wenyewe. Nje ya seli huungana na hidrojeni, na katika umbo hilo hupenya utando wa seli kwa urahisi. Ndani, ambako asidi ni kidogo, muungano huvunjika. Floraidi huzuia enolasi, kimeng'enya kinachohitajika katika kuvunja sukari, nayo hidrojeni huongeza asidi ndani ya seli. Bakteria hupunguza kasi ya kutengeneza asidi.

Hata hivyo hawafi kirahisi. Wana protini za kuitoa floraidi nje, na ukoga mzito huichelewesha kufika tabaka za chini. Kwa hiyo floraidi peke yake haitoshi: kwanza ukoga uondolewe, kisha bakteria wanaobaki wakatiwe chakula kwa kuziba tundu.

Hivyo ndivyo mganga anavyofanya. Huzungushia jino pamba ili mate yasiingie, husafisha ukoga, kisha hupanua mdomo wa tundu kwa patasi ndogo. Kwa kijiko kidogo chenye makali hukwangua sehemu laini iliyooza, akianza kingoni kabla ya kugusa sakafu iliyo karibu na kiini. Mara nyingi ganzi haihitajiki. Husafisha tundu kwa asidi hafifu, hulisuuza na kulikausha, huchanganya unga na maji ya saruji, hujaza haraka, kisha hukandamiza kwa kidole chenye glovu iliyopakwa mafuta ya mgando ili saruji iingie hata kwenye mifereji ya jirani. Mgonjwa hukaa saa moja bila kula.

Matokeo yanatia moyo: kwa tundu la upande mmoja katika meno ya ukubwani, karibu 80% ya viziba hudumu miaka 5. Tundu linalochukua pande mbili au zaidi katika meno ya utotoni halidumu hivyo. Hapo mganga asimwahidi mzazi makubwa.

Mwaka 2021 WHO iliingiza glasi-ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha ya dawa muhimu. Wanaopanga huduma za Cabo Delgado wana sababu ya kuvipeleka Mocímboa pamoja na mafunzo, bila kusubiri mashine. Nawe mzazi, msugue mtoto meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinamtosha.